Je, Wajua? Ngata ya Miguuni: Siri ya Bitana Ndani ya Buti la Theluji

Mwanamke anayetoka kisimani na ndoo kichwani hakubeba ndoo peke yake. Katikati ya ndoo na utosi kuna ngata, kile kitambaa kilichosokotwa kuwa duara. Ndoo ni ngumu, na kichwa nacho ni kigumu. Ngata ndiyo inayokubali kubonyea ili vigumu hivyo viwili visiumizane.

Kwenye milima yenye theluji ya Ulaya na Amerika Kaskazini, wapandaji nao wana ngata yao, ila huivaa miguuni. Hawa si wale wanaoketi kwenye kiti cha kuning'inia kinachovutwa kwa kamba na kuwapandisha kileleni. Hawa hupanda kwa nguvu za mapaja yao, skii (vile vipande virefu vyembamba vya kutelezea thelujini) zikiwa miguuni, saa nne au tano mfululizo, kisha huteremka kwa kuteleza ndani ya dakika chache. Buti lao lina sehemu mbili: gamba gumu la plastiki kwa nje, na ndani yake kiatu laini kinachochomoleka, yaani bitana. Bitana hiyo huokwa kwa moto hadi ichukue umbo la mguu wa mtu mmoja tu.

Tuifungue tuone kilichomo.

1. Bitana ya kale ilikuwa nyasi

Mwaka 1991, wapanda milima wawili kutoka Ujerumani waliona maiti ikichomoza kwenye barafu ya milima ya Ötztal, mpakani mwa Austria na Italia. Ilidhaniwa ni mtu aliyepotea miaka ya karibuni. Vipimo vikaonyesha alikufa yapata miaka 5,300 iliyopita. Leo dunia inamwita Ötzi.

Viatu vyake viliwashangaza mafundi. Soli ilikuwa ngozi ya dubu na sehemu ya juu ngozi ya kulungu. Ndani mlikuwa na wavu uliosukwa kwa nyuzi za gome la mti, na kati ya wavu huo na ngozi mlishindiliwa nyasi kavu. Gamba nje, bitana ndani: mpangilio uleule wa buti la leo.

Mtaalamu wa viatu Petr Hlaváček, wa mji wa Zlín katika Ucheki, aliviunda upya viatu hivyo kwa ngozi na nyasi, na waliovijaribu milimani wakavisifu kwa joto na starehe. Msomaji aliyevaa viatu vya Bata shuleni atapenda kujua kwamba Zlín ndiko kampuni ya Bata ilikoanzishwa mwaka 1894.

2. Aliyefika Ncha ya Kusini alishughulika kwanza na viatu

Wasami, wenyeji wa kaskazini ya mbali ya Ulaya, kwa karne nyingi walijaza nyasi kavu ndani ya viatu vyao vya ngozi ya kulungu wa theluji. Nyasi hizo hukinga baridi na kunyonya jasho. Jioni hutolewa zikaanikwa, asubuhi hurudishwa zikiwa kavu.

Mnorwe Roald Amundsen aliufuata ujuzi huo. Mwaka 1911, akiwa kambini Antaktika akisubiri giza la majira ya baridi liishe, yeye na wenzake waliyafumua mabuti yao ya skii na kuyashona upya ili mguu upate nafasi. Mwezi Septemba wakajaribu kuondoka mapema mno. Baridi ikapita nyuzi 50 chini ya sifuri, baadhi yao wakagandishwa visigino, na msafara ukarudi kambini. Mabuti yakafumuliwa tena. Safari ya pili ikawafikisha Ncha ya Kusini tarehe 14 Desemba 1911, wa kwanza duniani.

Wengi hukumbuka mbwa wake waliovuta sleji. Wachache hukumbuka sindano na uzi.

3. Skii zimewahi kuteleza Kilimanjaro

Mwaka 1912, Wajerumani Walter Furtwängler na Siegfried König walifika kilele cha Kibo na kuteremka wakitumia skii. Wakati huo theluji na barafu vilitanda sehemu kubwa ya kilele hicho chenye urefu wa mita 5,895. Barafu moja ya pale juu hadi leo inaitwa Furtwängler.

Mwaka huohuo wa 1912 ndio wanasayansi wanaoutumia kama kipimo cha kuanzia, kwa sababu ndipo barafu ya Kibo ilipochorwa kwenye ramani. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo siku zile imeyeyuka. Anayepanda leo hupita kwenye vumbi na mawe pale ambapo Furtwängler aliacha michirizi ya skii.

4. Bitana ilianza kusumbua pale ngozi ilipoondoka

Hadi miaka ya 1960 buti la skii lilikuwa la ngozi. Ngozi ina hila yake: hulowa, hulegea, hukauka, na baada ya miezi kadhaa inaujua mguu wa mwenyewe. Kwa hiyo ngozi ilifanya kazi mbili kwa wakati mmoja, ya gamba na ya bitana.

Kisha Mmarekani Bob Lange, mtengenezaji wa bidhaa za plastiki katika mji wa Dubuque, jimbo la Iowa, akaleta buti la plastiki. Plastiki haikulowa, haikulegea, na ilipeleka kila msukumo wa goti moja kwa moja kwenye skii. Wanamashindano wakaikimbilia. Lakini plastiki haiujui mguu wa mtu. Hata ukiivaa miaka kumi, ni ileile iliyotoka kiwandani.

Maumivu ya muundi, pale mfupa wa mbele ya mguu unapogonga ukingo wa buti, yalienea kiasi kwamba wanaskii wa Marekani waliyapa jina la buti lenyewe. Gamba lilipogoma kubadilika, ikabidi kilichomo ndani kijifunze kubadilika. Sanaa ya kutengeneza bitana kwa kipimo cha mtu ilianzia kwenye maumivu hayo.

5. Buti moja, kazi mbili zinazopingana

Mteremko unataka buti gumu lililokaza kila upande, kama bendeji ya mfupa uliovunjika. Mpando unataka kinyume chake: kifundo cha mguu kiweze kujikunja mbele na nyuma, maelfu ya hatua, bila kukwaruzwa.

Ndiyo maana buti la kupandia lina swichi ndogo nyuma. Ikifunguliwa, shingo ya buti inacheza. Ikifungwa, inakuwa ukuta. Bitana nayo hukatwa kwa hesabu hiyo. Nyuma ya kisigino, juu ya ile kano nene, huwekwa sehemu nyembamba inayojikunja kama kiwiko cha bomba la kunywea soda. Bila sehemu hiyo, povu hujikunjakunja na kutengeneza malengelenge kabla ya saa ya pili.

Skii nayo lazima ikubali kazi zote mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kijana wa Austria, Fritz Barthel, alipanda mlima Mont Blanc, na vifaa vizito vya wakati ule vikamchosha. Akarudi nyumbani akabuni kifungo cha skii chenye pini mbili ndogo zinazoshika pua ya buti kwenye vishimo viwili, huku kisigino kikiwa huru kuinuka. Hati ya ubunifu aliiomba katika miaka hiyohiyo ya 1980. Wengi walidhani kitu chembamba hivyo hakiwezi kumshikilia mtu. Leo pini hizo ndizo zinazotumiwa na karibu kila apandaye mlima kwa skii.

6. Bitana, kandambili na paneli ya sola ni ndugu

Bitana nyingi za kisasa hutengenezwa kwa povu la plastiki inayoitwa EVA, mchanganyiko wa ethilini na vinaili asetati. Jina ni geni, lakini kitu chenyewe unakifahamu. Kandambili nyingi nyepesi zinazouzwa sokoni ni za povu hilohilo. Soli laini za viatu vya mbio pia. Ile gundi ngumu ya kijiti inayoyeyushwa kwa bastola ya umeme ina EVA. Hata paneli ya sola iliyo juu ya bati: vile vipande vya silikoni vinavyonasa jua hubandikwa kati ya kioo na mgongo wa paneli kwa karatasi ya EVA iliyoyeyushwa.

Ukilikata povu la EVA na kulitazama kwa kioo cha kukuzia, utaona vijumba vidogo vingi sana vilivyofungwa kila upande, na ndani ya kila kijumba mna hewa. Hewa iliyotulia ni kizuizi kizuri cha baridi. Na kwa kuwa vijumba vimefungwa, maji hayapenyi kama yanavyopenya kwenye sponji ya kuoshea vyombo.

Sifa ya tatu ndiyo muhimu kwetu: povu hili likipata moto hulainika, na likipoa hubaki katika umbo lililopewa. Ndiyo sababu kandambili za aina hii, zikisahaulika ndani ya gari lililofungwa juani, huweza kupinda au kunywea.

7. Bitana huokwa kama mkate

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Fundi wa mabuti huufanyia kazi usemi huo kila siku, ila samaki wake ni povu.

Kwanza humwangalia mteja mguu mtupu. Hutafuta penye nundu: fundo la mfupa kando ya kidole gumba, mfupa wa kifundo uliochomoza, sugu ya zamani. Juu ya kila nundu hubandika kipande kidogo cha povu. Vidoleni humvalisha kofia ya povu, kisha soksi nyembamba juu ya vyote. Vipande hivi vitaondolewa baadaye. Kazi yake ni kuacha nafasi.

Bitana huingia ndani ya oveni yenye takriban nyuzijoto 120, moto unaozidi wa maji yanayochemka, kwa muda wa kama dakika kumi. Hewa iliyomo kwenye vijumba hutanuka na povu huvimba kama andazi kwenye mafuta. Ikitoka, fundi hana muda wa maneno. Mteja huingiza mguu, bitana huingizwa ndani ya gamba, vifungo hukazwa kiasi, na pua ya buti huinuliwa juu ya kipande cha ubao ili kisigino kirudi nyuma kabisa kwenye makazi yake.

Halafu mteja husimama tu. Dakika kumi au zaidi, bila kucheza, wakati povu linapoa. Pale penye nundu, povu limesukumwa. Penye uwazi, limejaa. Akivua buti, akatoa soksi na kofia ya vidole, ndani pamebaki mguu wake mwenyewe kwa umbo la shimo.

Asiporidhika, povu hilo laweza kuokwa tena. Si mara zisizo na idadi, kwani kila moto hulichosha, lakini mara chache linavumilia.

8. Asiye na oveni hutumia mchele

Si kila mtu ana fundi karibu. Wapandaji wanaofanya kazi hii nyumbani wana mbinu ambayo ingemfurahisha mama yeyote wa Pwani: mchele.

Huchukua soksi ndefu ya pamba, wakaijaza mchele mkavu usiopikwa, wakaifunga mdomo. Soksi hiyo huwekwa ndani ya maikrowevu kwa dakika kadhaa mpaka mchele uwe wa moto kweli. Kisha husukumwa ndani ya bitana, punje zikamwagikia kila pembe hadi ncha ya vidole, na kuachwa hapo. Mchele hushika moto kwa muda mrefu na kuutoa polepole, kwa hiyo povu hulainika kutokea ndani, mahali hasa ambapo mguu utakaa. Soksi ikitolewa, mguu huingia.

9. Namba ya buti ni sentimita za mguu wako

Kiatu cha kawaida huwa na namba 42 Ulaya, 8 Uingereza na 9 Marekani, na mnunuzi hubaki akijikuna kichwa. Buti la skii limeondoa utata huo. Hutumia kipimo cha kimataifa kiitwacho Mondopoint, ambacho hutaja urefu wa mguu wenyewe. Mguu wenye sentimita 26.5 huvaa buti namba 26.5. Chukua rula, simama ukutani, umemaliza.

Lakini kuna siri dukani. Viwanda vingi hutengeneza gamba moja kwa namba mbili zinazofuatana. Mabuti ya namba 26 na 26.5, kwa kawaida, yana gamba lilelile. Tofauti, kama ipo, iko kwenye bitana au kwenye kikanyagio cha ndani.

Kwa hiyo anayejua kununua huanza kwa kuitoa bitana na kuingiza mguu kwenye gamba tupu. Husogeza vidole mpaka viguse mbele, kisha hutazama uwazi uliobaki nyuma ya kisigino. Ukitosha kidole kimoja au viwili, gamba ni lake. Ukitosha ngumi, hakuna bitana itakayomwokoa.

10. Wengine huchagua gome la mti, wengine povu la kumiminwa

Moto wa oveni si njia pekee. Kuna bitana ambazo ndani ya kuta zake hujazwa kizibo kilichosagwa na kuchanganywa na kitu laini kinatacho. Kizibo ni gome la aina ya mwaloni, mti ambao Ureno inaongoza duniani kwa kuuvuna. Gome huchunwa, mti ukaachwa hai, na baada ya miaka kama tisa huchunwa tena. Mchanganyiko huo hauhitaji kuokwa dukani. Husogea polepole kila siku mguu unapoukandamiza, kama mto wa pamba unavyokijua kichwa cha mwenyewe.

Njia nyingine ni ya kumimina. Mteja huvaa buti, mirija midogo huunganishwa kwenye bitana, na kemikali mbili hupigwa ndani kwa pamoja. Zikikutana, huumuka na kuwa povu linalojaza kila uwazi, kisha huwa gumu. Kwa dakika chache mteja huhisi mguu ukibanwa kama mkono ndani ya ngumi ya jitu, naye haruhusiwi kusogea. Katika kijiji cha Lech, Austria, duka la familia ya Strolz limejijengea jina kwa mabuti ya namna hii. Umbo linalopatikana ni sahihi mno, lakini povu la kumiminwa huwa zito zaidi na halirudi nyuma: likishakuwa gumu, limekuwa gumu. Ndiyo sababu wateremkaji hulipenda kuliko wapandaji.

11. Kilo moja mguuni si kilo moja mgongoni

Kwa nini mpandaji ahesabu hata gramu za bitana? Kwa sababu mguu hauubebi mzigo wake tu, huuinua, huusukuma mbele na kuusimamisha, kila hatua. Watafiti waliopima pumzi za watu wanaotembea wamekuta kwamba uzito uliowekwa mguuni hugharimu nguvu kama mara nne hadi sita ya uzito uleule ukiwa mgongoni. Buti zima la kupandia huwa na kilo moja hadi moja na nusu, na bitana ndani yake gramu mia mbili au tatu hivi.

Na uzito ulio kichwani je? Hapa Afrika Mashariki inaingia kwenye kumbukumbu za sayansi. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa kundi la wanasayansi, akiwemo Geoffrey Maloiy wa Nairobi, waliowapima wanawake wa Kenya: Waluo waliobeba mzigo utosini, na Wakikuyu waliobeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Mzigo usiozidi sehemu moja kwa tano ya uzito wa mwili haukuwaongezea matumizi ya nguvu. Walitembea kana kwamba hawakubeba kitu.

Mpanda theluji hajapata njia ya kuvaa skii kichwani. Kwake imebaki kupunguza gramu.

12. Bitana hulala kitandani na mwenyewe

Nyayo mbili za mtu zina tezi za jasho zinazokadiriwa kufika 250,000. Ukizifunga ndani ya plastiki na kupanda mlima saa nne, unyevu hauna pa kwenda. Povu lenyewe halinywi maji, lakini kitambaa chake cha ndani hulowa. Na kitambaa kilicholowa usiku wa milimani, asubuhi huwa barafu.

Ndiyo maana jambo la kwanza ambalo mpandaji hufanya akifika kwenye kibanda cha kulala wageni ni kuchomoa bitana kutoka kwenye gamba. Huzianika juu ya jiko la kuni, mbali kidogo na moto, kwani ameshajua moto huifanyia nini EVA. Wanaolala kwenye hema hawana jiko. Wao huziingiza ndani ya mfuko wao wa kulalia, wakalala nazo miguuni usiku kucha. Bitana nyingi za kupandia zina soli nyembamba ya mpira, ili mtu aweze kutembea nazo kibandani kama makubazi, bila kuvaa gamba.

Kosa la mgeni ni kuvaa soksi mbili nene akidhani atapata joto. Soksi hizo hubana mguu, damu hupita kwa shida, na vidole hupoa zaidi. Wazoefu huvaa soksi moja nyembamba ya sufu.

13. Mbuzi wa Afrika ndio wanaowapandisha

Mtu anapandaje mlima kwa skii bila kuteleza kurudi nyuma? Chini ya kila skii hubandikwa utepe mrefu wenye manyoya. Mpapase paka kutoka kichwani kwenda mkiani, mkono utateleza; mpapase kinyume, manyoya yatasimama na kukataa. Utepe huo hufanya vivyo hivyo. Skii ikisukumwa mbele inakwenda, ikitaka kurudi inashikwa.

Zamani utepe huo ulikuwa ngozi ya sili, na hata leo lugha za Ulaya bado zinauita ngozi. Lakini manyoya bora ya siku hizi ni moheri, sufu ya mbuzi wa Angora. Na mbuzi hao wanapatikana wapi kwa wingi? Afrika Kusini ndiyo inayoongoza duniani kwa moheri, ikifuatiwa na Lesotho.

Lesotho yenyewe ni nchi ya milima ambayo hakuna sehemu yake iliyo chini ya mita 1,000. Majira ya baridi huwa na theluji, na kwenye milima ya Maluti, katika kimo kinachozidi mita 3,000, kuna kituo cha skii kiitwacho Afriski. Mtu anaweza kuteleza huko asubuhi na mchana akakutana na mchungaji wa mbuzi wa Angora aliyejifunga blanketi la Kisotho.

14. Kutoka Eldoret na Kilifi hadi thelujini

Philip Boit wa Eldoret alikuwa mkimbiaji wa Kenya aliyekuwa hajawahi kuona theluji mpaka alipopelekwa Finland kufunzwa skii. Mwaka 1998, huko Nagano, Japani, akawa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Kwenye kilomita 10 alimaliza wa mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe, alisubiri mstarini ili ampokee na kumkumbatia. Boit alipopata mtoto, akampa jina Daehlie.

Mchezo wa Boit hutumia kiatu chepesi kinachoshikwa puani tu, kisigino kikiwa huru, kama mpandaji anapopanda. Miaka 20 baadaye, huko Pyeongchang, Korea Kusini, Kenya iliwakilishwa na Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria. Yeye alishuka mlima kwa buti gumu lililofungwa mbele na nyuma. Wawili hao wamekamilisha buti zima: mmoja nusu ya kupanda, mwingine nusu ya kushuka.

15. Kwa kifupi

Mguu mmoja wa mtu una mifupa 26, na si lazima ikae sawa na ile ya mguu wa pili. Ndiyo maana fundi anaweza kuhangaika na buti moja asubuhi nzima, na la pili likakubali kwa dakika tano.

Njia mashuhuri ya kutoka Chamonix, Ufaransa, hadi Zermatt, Uswisi, ilipitwa kwa miguu mwaka 1861. Kwa skii ilivukwa mwaka 1911, mwaka uleule wa Amundsen.

Jeshi la Uswisi huandaa mashindano ya kupanda kwa skii kutoka Zermatt hadi Verbier, njia yenye zaidi ya kilomita 50. Yalianza mwaka 1943, wakati wa vita.

Mwaka 2021 iliamuliwa kwamba upandaji mlima kwa skii uingizwe katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Milano Cortina 2026.

16. Bitana haina mtumba

Kama ilivyo kwetu, huko nako watu hununua vitu vilivyokwisha tumika. Gamba la buti la mtumba linauzwa vizuri. Plastiki yake haikumjua aliyelivaa, basi haimkatai anayefuata. Lakini muuzaji mkweli atakwambia bitana uitupe.

Sababu ya kwanza ni umri. Povu linalokanyagwa siku nyingi hupoteza vijumba vyake, kimoja baada ya kingine. Linakuwa jembamba, kisigino kinaanza kupanda na kushuka, na kucha za vidole vya mbele zinageuka nyeusi kwa kugonga ukuta. Ndiyo sababu bitana mpya inatakiwa kubana kidogo siku ya kwanza. Inayokutosha vizuri mno dukani itakupwaya mlimani.

Sababu ya pili haiondoki yote hata kwa kuoka upya. Tia mkono ndani ya bitana ya mtu uifuate kwa vidole. Hapa kuna shimo la nundu ya kidole gumba. Hapa kifundo kimechimba zaidi, labda kiliwahi kuvunjika. Hapa kisigino chembamba, hapa unyayo bapa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini bitana hii imelaliwa na mtu mmoja, na kunguni wake wote wameacha alama.

Ngata ya mama ikifika nyumbani hukunjuliwa, ikawa kanga tena, na kesho binti akaisokota upya kwa kichwa chake. Bitana haikunjuliki. Hukaa na mguu wa mwenyewe hadi mwisho, kisha anayenunua gamba huenda kwa fundi, akavaa kofia ya vidole, akasimama dakika kumi akisubiri bitana yake ipoe.